Akina Barwani watatu

Nilikulia Simbo, ambako wazee wakizungumzia Ujiji ya zamani humtaja Rumaliza. Jina Barwani sikuwahi kulisikia huko. Nilikutana nalo maktabani, nikiandika tasnifu ya umahiri: Rumaliza ndiye Muhammad bin Khalfan al-Barwani, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyekuwa na nguvu Ujiji na ufukweni mwa Tanganyika, hadi vikosi vya Wabelgiji vilipomshinda ng'ambo ya ziwa, vita vilivyokwisha mwaka 1894.

Barwani niliyemjua ni Ali Muhsin wa Zanzibar: kiongozi wa Hizbu, waziri wa mambo ya nje katika serikali iliyopinduliwa Januari 1964, mfungwa wa takriban miaka 10 Tanzania Bara, kisha mfasiri wa Kurani kwa Kiswahili. Wa tatu ni Salum Khalfan Barwany, aliyeshinda ubunge wa Lindi Mjini mwaka 2010, mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa jimboni Tanzania.

Katika rasimu yangu niliandika: "Wabarwani walitawala, wakapinduliwa, wakarudi kwa kura." Sentensi tamu, lakini ya uongo. Barwani ni ukoo mpana wenye asili ya Oman; kushiriki jina hakumaanishi kushiriki meza, sembuse dhambi. Ndivyo siasa za Zanzibar zilivyowatwisha wenye majina ya Kiarabu biashara ya watumwa, awe aliifanya au hakuifanya.

Lakabu ina haki zaidi. "Rumaliza" ni yule anayemaliza: waliompa jina hilo walimhukumu mtu mmoja kwa matendo yake. Jina la ukoo halichagui. Humwangukia hata asiyekuwepo.

Nalijua hilo kwa kuwa mimi nimepona. Nyumbani husemwa kwamba babu wa babu yangu alishika bunduki ya Rumaliza. Jina lake silibebi. Kwetu zamani kila mtoto alipewa jina lake mwenyewe. Fomu za shule ndizo zilizotudai jina la ukoo, nasi tukaandika la baba. Mwenye jina Barwani anaweza kuulizwa habari za watumwa popote. Mimi, mjukuu wa mshika bunduki, sijaulizwa hata mara moja.

Ile sentensi nimeifuta. Mahali pake nimeandika habari za babu.