Pekerman Alimtoa Riquelme, Mpira Ukaondoka Naye

Kumtoa Juan Román Riquelme dakika ya 72, unaongoza 1-0 robo fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya wenyeji, ni kosa la kiufundi lisilo na utetezi. José Pekerman, kocha wa Argentina, alilifanya Berlin, Juni 30, 2006, na hadi leo nasikia watu wakimlaumu kipa aliyeingia, au wakilalamikia bahati ya penalti. Mechi ile haikupotea kwenye penalti. Ilipotea ubao ulipoinuliwa, namba 10 ikiwa nyekundu na namba 5 ya Cambiasso ikiwa kijani.

Mnaikumbuka hali ilivyokuwa. Roberto Ayala alifunga kwa kichwa dakika ya 49, kona ya Riquelme. Tangu hapo Argentina walicheza mpira waliojengewa: mpira unapelekwa kwa namba 10, anaukalia, anaugeuza, anautoa pale anapotaka mchezo uende. Ujerumani ya Klinsmann ilikuwa timu ya mbio na krosi, na timu ya namna hiyo haina cha kufanya kama mpira hainao. Dakika ya 71 kipa Abbondanzieri akatoka kwa maumivu ya kugongana na Klose, Leo Franco akaingia. Kipa mpya, baridi, uwanja mzima unapiga kelele. Hapo kocha anahitaji kitu kimoja tu, mchezo upoe, na aliyejua kuupooza kuliko mtu yeyote duniani wakati ule alikuwa uwanjani. Dakika moja baadaye akatolewa.

Dakika ya 74 Klinsmann akamwingiza Borowski. Dakika ya 79 Pekerman akamtoa Crespo, akamwingiza Julio Cruz, na mabadiliko yake yakaishia hapo. Dakika ya 80 Ballack akapiga krosi kutoka kushoto, Borowski akaigonga kwa kichwa, Klose akamalizia. Zikabaki dakika kumi za kawaida na 30 za nyongeza bila mtu wa kutoa pasi ya mwisho, huku Aimar na kijana Messi, aliyetimiza miaka 19 siku sita kabla, wakitazama kutoka benchi. Mengine ni ya Lehmann: akaokoa penalti ya Ayala, akaokoa ya Cambiasso, Ujerumani wakapita 4-2.

Wanaomtetea kocha husema Torsten Frings alikuwa amemganda Riquelme na fundi amechoka. Frings kweli alimganda. Lakini Frings anayemganda Riquelme hapandi, hapigi mashuti, hasaidii krosi. Ukimtoa Riquelme umemfungulia Frings mlango. Na uchovu? Kiungo mchezeshaji wa aina ile hapimwi kwa kilomita. Hupumzika akiwa na mpira, na wenzake wote hupumzika naye. Sina ugomvi na Cambiasso, kiungo mkabaji wa daraja la juu kabisa. Ila Mascherano alikuwa tayari pale. Nimeliandika hili msimu baada ya msimu na nitaliandika tena: kuongeza mkabaji hakuongezi ulinzi, kunaongeza muda wa kukaba. Ukikaba dakika 18 mbele ya Ballack na Klose, krosi moja itapita. Ilipita moja.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Pekerman hakuwa mgeni kwa Riquelme. Ndiye aliyewapa yeye, Aimar na Cambiasso ubingwa wa dunia wa vijana kule Malaysia mwaka 1997. Kwa ajili ya mfumo huu aliwaacha nyumbani Verón, Zanetti na Samuel. Wiki mbili kabla ya Berlin, kule Gelsenkirchen, timu yake iliifunga Serbia na Montenegro 6-0, na bao la Cambiasso lilitanguliwa na pasi zaidi ya 20. Kocha anajenga nyumba nzima juu ya nguzo moja, kisha mvua inaponyesha anaing'oa.

Carlos Bilardo asingefanya hivyo. Turin, Juni 24, 1990, kwenye Kombe la Dunia, Brazil waliisumbua Argentina yake mchana kutwa, wakagonga miamba, na Diego Maradona alikuwa anachechemea na kifundo kilichovimba. Kocha wa leo angemtoa mapumziko. Bilardo alimwacha. Dakika kumi kabla ya mwisho Maradona akawavuta Wabrazil kwake, akampenyezea Caniggia, bao, Brazil nje. Bilardo alikuwa kocha wa kujihami kuliko Pekerman, tena mara kumi, lakini alijua namba 10 aliyechoka bado ana pasi moja, na pasi moja inatosha.

Pale Boca, kocha Carlos Bianchi naye alijua. Libertadores ya 2000, Libertadores ya 2001, na katikati yake Tokyo, Novemba 2000, Real Madrid wakafungwa 2-1. Bao la pili la Palermo lilitoka kwenye pasi ndefu ya Riquelme kutoka nusu yake mwenyewe, na baada ya hapo akawashikisha Madrid adabu kwa kuuficha mpira tu. Louis van Gaal alimpokea Barcelona mwaka 2002 akampeleka pembeni kama winga, na mimi sijawahi kuelewa kocha mwenye sifa zile anamtazamaje mtu huyu akaona winga. Villarreal wakampa katikati, wakafika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Penalti yake iliyookolewa na Lehmann huyo huyo, Aprili 2006 dhidi ya Arsenal, ndiyo wanayoitaja wote. Hawataji kwamba bila yeye mji ule mdogo usingekuwa unapiga penalti ya nusu fainali ya Ulaya.

Kuna kauli nyingine inayonikera, kwamba Riquelme hakuwa mchezaji wa mechi kubwa. Watazame fainali ya Libertadores ya 2007. Alikuwa amerudi Boca kwa mkopo, miguu ile ile iliyosemwa imekwisha. Grêmio walifungwa 3-0 Bombonera, moja ni faulo yake ya moja kwa moja. Marudiano yalikuwa Porto Alegre, Juni 20, siku nne kabla hajatimiza miaka 29. Boca walishinda 2-0, mabao yote mawili ni yake, na yote aliyafunga kipindi cha pili.