Maneno 850 ya Ogden mbele ya swichi

C. K. Ogden alipotoa mpango wake wa Basic English mwaka 1930, alidai kwamba mambo ya kila siku yanasemeka kwa maneno 850 tu. Wakubwa walivutiwa: Septemba 1943 Winston Churchill aliupigia debe pale Harvard. Mimi nitaupima kwa umeme wa nyumbani, maana huko mtu hana muda wa kupamba lugha: taa imezima, na inatakiwa iwake.

Wazo lenyewe lilianza Ogden na I. A. Richards walipokuwa wakiandika The Meaning of Meaning, kilichotoka mwaka 1923. Kila walipofafanua neno, maneno yale yale machache yalirudi. Basi Ogden akachuja: majina ya vitu 600, sifa 150, na maneno 100 ya kuendeshea sentensi. Panga lilipita hasa kwenye vitenzi, vikabaki 18. Enter ikatupwa, kwa kuwa go in inatosha. Ask nayo ikaondoka, ikaachia nafasi put a question.

Kwa upande wa umeme, orodha ina electric, current, wire, bulb, light, power, copper, shock na danger. Switch haimo, wala fuse, wala plug. (Thunder imo, lightning haimo: ngurumo imebaki bila radi yake.) Upungufu huo haumtishi mwanafunzi wa huku kwetu. Waya, balbu, swichi, fyuzi, plagi na shoti amezisikia tangu utotoni. Akirekebisha matamshi kidogo, majina anayo. Kinachomkwamisha ni kitenzi.

Na kwenye kitenzi Ogden alikuwa fundi hasa. Mtu kapigwa shoti? The wire gave him a shock. Kuwasha taa ni put the light on, kuizima ni put the light out. Give ile ile inakupa gave a cry na gave an answer, bila kukariri kitenzi kipya wala namna yake ya kubadilika wakati uliopita. Anayejua jinsi vitenzi vya Kiingereza vinavyobadilika ovyo ataona nafuu iliyopo hapo.

Ila nafuu hiyo ina deni lisiloandikwa kwenye hesabu. Chukua go na off, maneno mawili katika yale 850. The light went off: taa imezima. The alarm went off: kengele imelia. The bomb went off: bomu limelipuka. Na Mwingereza akisema the milk has gone off, maziwa yameharibika. Kitu kimoja kimenyamaza, kingine kimepiga kelele, na maneno ni yale yale. Ogden alihesabu maneno. Maana zinazozaliwa yanapokutana hakuzihesabu, nazo ndizo mwanafunzi anazokesha nazo.

Michael West, aliyefundisha Kiingereza Bengal, alilishika jambo hili vizuri zaidi. Orodha yake ya mwaka 1953, A General Service List, ina maneno kama 2,000, lakini inaonyesha pia kila maana ya neno hutumika kwa kiasi gani. Mwalimu akiifuata anaweza kufundisha maana inayotumika sana kwanza, zile za pembeni zikasubiri. Orodha ni ndefu zaidi, ila mzigo unaonekana.

Tena Ogden alimjali anayesema kuliko anayesikiliza. Kwa maneno yake unaweza kumwambia fundi, the current has gone off in my room, naye akakuelewa vizuri kabisa. Atakujibu, the fuse has blown. Fuse hukufundishwa, blow uliijua kama pigo. Ogden aliruhusu nyongeza: maneno 100 ya sayansi kwa jumla na 50 ya fani moja, jumla 1,000. Lakini nyongeza hizo aliwawekea wataalamu, na anayekaa gizani akisubiri fyuzi ibadilishwe ni mpangaji.