Chipu Inayojua Kipi Kipotee

Kebo ya HDMI haina shida king'amuzi kikiwa chini ya runinga. Ivute mita 20, kutoka meza ya mhubiri hadi projekta iliyoning'inia darini, ndipo picha inapoanza kumetameta au kukatika kabisa. Hesabu yake iko wazi: nukta 1,920 kwa 1,080, fremu 60 kwa sekunde, biti 24 kwa kila nukta. Hizo ni takriban biti bilioni 3 kila sekunde, na sauti bado.

Dawa ya haraka ingekuwa kebo nene zaidi. Valens, kampuni ya Israel iliyoanzishwa mwaka 2006, ilichukua waya wa kawaida wa mtandao, Cat5e au Cat6 ambao kila fundi anao kwenye begi lake, ikauhamishia ujanja wote ndani ya chipu. Mwaka 2010 iliungana na LG, Samsung na Sony Pictures kuunda umoja wa HDBaseT. Toleo la kwanza la kiwango chake lilipitisha picha isiyobanwa, sauti, itherneti ya megabiti 100, amri za kuongozea vifaa na umeme hadi wati 100, vyote katika waya mmoja wa hadi mita 100.

Waya huo una jozi nne. Badala ya volti mbili tu, moja ya sifuri na nyingine ya moja, chipu inatumia ngazi 16 za volti, hivyo kila pigo linabeba biti 4. Mapigo milioni 500 kwa sekunde, mara biti 4, mara jozi nne: gigabiti 8. Tena mzigo huo unakwenda upande mmoja. Picha hutoka kwenye chanzo kwenda kwenye skrini, na kinachorudi ni kidogo sana, kwa hiyo njia ya kurudi imepewa megabiti mia chache tu.

Ila ngazi 16 zikibanwa ndani ya volti zile zile, zinasogeleana. Kelele kidogo ya umeme inatosha kuifanya ya saba isomwe kama ya nane. Hapa ndipo penye akili ninayoihusudu zaidi katika kazi hii: chipu haizitendei biti zote sawa. Rangi za nukta zinasafiri kwa ngazi 16, kwa sababu nukta moja ikikosewa inaishi sehemu moja ya 60 ya sekunde na hakuna jicho litakaloiona. Ishara za kupanga fremu na amri zinasafiri kwa ngazi chache, 8 au 4, zilizoachana vizuri. Zinabeba kidogo lakini zinafika, maana hizo zikipotea skrini nzima inazimika.

(Mafundi, tafadhali: tundu ni lile lile la RJ45, lakini HDBaseT si itherneti. Ukiipitisha kwenye swichi ya mtandao utakesha ukitafuta picha.)

Teknolojia hii ikihamia kwenye gari, ule msamaha wa nukta moja kukosewa unafutwa. Picha ya kamera haitazamwi na jicho tu. Inasomwa na kompyuta inayoweza kuamua kufunga breki. Isitoshe, waya unapita karibu na mota, viungio vyake vinazeeka, na joto na mtikisiko havikomi. Septemba 2020 shirika la viwango la MIPI lilitoa kiwango cha A-PHY, kilichojengwa juu ya teknolojia ya Valens: hadi gigabiti 16 kwa sekunde, mita 15, juu ya waya mmoja wa koaksia au jozi moja yenye kinga. Sharti lake la makosa ni kali: chini ya pakiti moja katika bilioni kumi mara bilioni. Gari litauzwa kama chuma chakavu kabla halijaiona hiyo moja.

Imewezekanaje? Kwanza, chipu inajifunza sura ya kelele inayoingia na kuiondoa papo hapo. Pili, pakiti ikifika imeharibika, upande wa kupokea unaiomba tena, nayo inarudi kwa ngazi chache zaidi za volti ili isiharibike mara ya pili. Ni ile busara ya HDBaseT, safari hii ikitumika kuokoa kilichopotea. Yote yanamalizika ndani ya mikrosekunde chache, wakati fremu moja ya kamera ya fremu 30 inachukua milisekunde 33. Kamera haijui, kompyuta haijui.

Kiufundi, sioni doa kubwa. Kazi ngumu iko sokoni. Teknolojia shindani za GMSL na FPD-Link zilikuwa ndani ya magari miaka mingi kabla ya A-PHY, na kila moja ilikuwa na mwenyewe: ukiichagua, chipu za ncha zote mbili ulizinunua kwake. A-PHY ni kiwango cha wazi, na mwaka 2021 IEEE ilikipokea kwa namba 2977. Kwa mtengenezaji wa magari anayetaka kubadilisha muuzaji bila kung'oa nyaya, namba hiyo ina uzito zaidi kuliko gigabiti zote 16.