Hongereni, Wahudumu wa Afya wa Songwe

Tunduma, mkoani Songwe, inajulikana kwa foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, Zambia. Leo sifa ziwaendee wanaotembea kwa miguu: wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wa Tunduma na wa wilaya za Mbozi, Ileje, Momba na Songwe. Ndio wanaobisha hodi na kuuliza kama mjamzito amekwenda kliniki, mtoto amekamilisha chanjo, mgonjwa wa kifua kikuu anameza dawa zake.

Mpakani kazi hiyo ina ugumu wake, kwani uliyemtembelea juzi leo huenda yuko ng'ambo. Hapo hata simu ya kitochi husaidia: ujumbe mfupi humfuata mtu, au huitaarifu zahanati kwamba mgonjwa yuko njiani.

Faida ya ujumbe mfupi kwa kazi hii imewahi kupimwa. Utafiti wa Dar es Salaam uliochapishwa 2012 ulionyesha kuwa wahudumu walipokumbushwa kwa ujumbe, ucheleweshaji wa ziara ulishuka kutoka wastani wa siku 9.7 hadi 1.4. Ila simu haikutosha peke yake. Mhudumu asipotekeleza, msimamizi alijulishwa. Hatua hiyo ilipoondolewa, ufanisi ulipungua.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwa na wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano. Ni heshima mliyoistahili. Sasa posho ifike kwa wakati, na vocha ya simu ya kazi isitoke mfukoni mwenu. Hongereni sana!