Mchongaji na Mti Wake

Watu wengi wakitaka kusifu kazi ya mti hupitisha kidole juu yake na kusema: "Ni laini." Basi, wamemaliza. Hatuwalaumu, lakini sifa hiyo haitoshi. Yafaa kuuliza maneno mawili zaidi: ulikuwa mti gani, na fundi ameutendea namna gani?

Katika nchi ya Fizi maswali haya si ya watu wenye nafasi tu. Kuanzia Nundu hata Baraka mtumbwi ni mti, kitanda ni mti, makala ya kupikia ni mti, na jeneza pia. Tangu mwaka 2015, kambi ya Lusenda ilipofunguliwa kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi, vyungu vinavyongoja kuni vimeongezeka. Mkimbizi hana kosa, maana naye apika kama sisi. Lakini kila mwaka mwenye shoka aenda mbali zaidi mlimani.

Tuanze na kazi ya wazee wa Kibembe. Kinyago cha chama cha Alunga ni gogo moja lililochimbwa ndani mpaka likawa kama kengele kubwa ya kuvaliwa kichwani. Kina nyuso mbili, moja mbele na moja nyuma. Mashimo ya macho ni makubwa, yamepakwa rangi nyeupe, na katikati yake jicho latokeza kama msalaba. Juu huchomekwa manyoya ya ndege na miiba ya nungu. Mtaalamu Daniel Biebuyck, aliyefanya utafiti kwa Wabembe zamani za utawala wa Wabelgiji, ameandika mengi juu ya sanaa hiyo. Leo vinyago vya namna hii vimo katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani. Twajua kwamba wamisionari wengi wa zamani walivitazama kwa shaka. Hapa hatuamui habari za chama wala za ibada zake, twatazama kazi.

Na kazi ni njema. Fundi hakujaza mapambo kila mahali, kama wafanyavyo watu wanaoogopa nafasi tupu. Amekata mara chache, lakini amekata kwa ujasiri: paji la uso, mashimo mawili, mdomo mdogo, imetosha. Kinyago hiki hakikuchongwa ili kipelekwe sokoni, kilikuwa mali ya chama. Gogo moja liliwatumikia watu wengi kwa muda mrefu. Hatusemi kwamba mzee yule aliufikiria msitu kama tuufikiriavyo sisi. Pengine kwake miti haikuwa na mwisho. Twasema tu kwamba ufundi wake haukuhitaji miti mingi.

Sasa twende mbali kidogo, hata Kenya, maana huko jambo hili limeonekana wazi kuliko kwetu. Mkamba mmoja, Mutisya Munge wa Wamunyu, alikwenda Tanganyika wakati wa vita ya kwanza ya dunia, akaona uchongaji wa Wazaramo, akarudi na ufundi huo nyumbani. Wengine wakajifunza. Wazungu wakanunua, kisha watalii, kisha maduka ya ng'ambo yakaagiza vitu kwa maelfu. Mwishoni mwa karne ya 20 wataalamu walikadiria kwamba Kenya ilikuwa na wachongaji wapatao 60,000, na kwamba miti zaidi ya 50,000 ilikatwa kila mwaka kwa kazi yao. Mti uliopendwa sana ni muhugu, mgumu, wenye nyuzi nzuri, nao hukua polepole mno. Mtoto akiupanda leo, hataukata yeye.

Je, sanamu zenyewe zikawaje? Twiga wale wale! Shingo ndefu, madoa ya kuchomwa kwa moto, macho yasiyotazama kitu. Tumewaona wengi, na ukimwona mmoja umewaona wote. Fundi mmoja apunguza bei, jirani yake apunguza tena, naye wa tatu aongeza idadi ili apate chakula cha siku. Hapo sanaa na msitu huumia kwa pigo moja. Wako wahubiri wa mazingira wanaosema mchongaji ni adui wa mti. Sisi twaona neno hilo si la haki. Adui ni haraka, pamoja na mnunuzi ambaye hataki kulipa siku tatu za kazi.

Wakenya hawakukaa tu. Wachongaji wa pwani walishauriwa kutumia mwarobaini, mwembe na mgrevilea, miti ya shambani inayopandwa na kukua upesi, na katika miaka ya 2000 baadhi ya kazi hizo zikapata cheti cha kimataifa cha miti iliyovunwa vizuri. Ni jambo la kusifiwa. Lakini mhakiki naye ana lake la kusema. Baadhi ya mafundi huchukua mti mweupe na kuupaka rangi nyeusi ya viatu ili ufanane na mpingo. Kwa nini? Mwarobaini una rangi yake na nyuzi zake nene. Apendaye mti angezionyesha. Tena mti huo wataka kukaushwa polepole kivulini, la sivyo hupasuka. Mwenye haraka hupata ufa katikati ya uso wa sanamu, halafu huulaumu mti.

Jambo hilo la kukausha latugusa sisi wa Nundu moja kwa moja. Maseremala wetu hushindana na kiti cha plastiki, ambacho ni rahisi na hakina mende wa mbao. Wengi hujibu kwa kupunguza: ubao mwembamba, misumari badala ya kiungo, mbao mbichi zilizopasuliwa juzi. Kiti chapinda kabla ya Noeli, mwenyewe akitupa, akanunua cha plastiki. Na ule ubao ulipasuliwa msituni kwa msumeno wa injini, ambapo nusu ya gogo au zaidi yabaki chini kuwa unga na vipande! Kiti kibaya ni mti uliopotea mara mbili.

Juu ya milima yetu iko Itombwe. Mwaka 2006 serikali ilitangaza hifadhi huko, na wenyeji wengi walilalamika kwamba hawakuulizwa. Mipaka ilizungumzwa upya, ikawekwa mwaka 2016. Tena amri ya tarehe 2 Agosti 2014 yaruhusu jamii kuomba msitu wa mababu zao, hadi hekta 50,000, bila kikomo cha muda, nao wauendeshe kwa mpango wao wenyewe. Twashangaa kwamba katika mazungumzo ya misitu ya namna hii huitwa machifu, wakulima na wawindaji, lakini seremala na mchonga mitumbwi husahauliwa mara nyingi. Nani ajuaye kuliko wao ni mvule gani umekomaa, na ni upi ungeachwa miaka ishirini zaidi?