Beleshi Kabla ya Risasi

Kitabu cha Sun Tzu, mwanamkakati wa kale wa China, kina sura 13 kuhusu vita, na ya kwanza ni ya hesabu. Kamanda anatakiwa kupima umoja wa watu na kiongozi wao, majira, ardhi, uwezo wa maofisa na nidhamu ya jeshi, tena apime kabla hajatoka nyumbani. Padri Amiot alikitafsiri kwa Kifaransa, kikachapwa Paris mwaka 1772. Mwaka 1972 nakala ya kale, iliyoandikwa juu ya vipande vya mianzi, ikachimbuliwa kaburini huko Yinqueshan, Shandong. Leo kinasomwa na majenerali na wafanyabiashara, wengi wakitafuta humo hila za kumzidi mwenzao. Mimi nakipendea kazi ile ya awali isiyo na sifa, na ufundi wake nauona hapa kwetu Likasi, Kongo.

Tarehe 3 Septemba 1961, mji ukiitwa bado Jadotville, wanajeshi wapatao 150 wa Ireland waliingia chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Mkuu wao alikuwa Pat Quinlan. Walitumwa kuwalinda walowezi wa Kibelgiji, na walowezi wenyewe hawakuwataka. Quinlan aliyasoma macho ya wenyeji wake, akatazama majengo yale ya kando ya barabara ya Elisabethville (Lubumbashi ya leo), mahali pa kuzingirwa kwa urahisi, akaamuru watu wachimbe mahandaki.

Anayeijua ardhi yetu mwezi wa tisa, kabla ya mvua, anajua amri hiyo ilidai nini. Udongo mwekundu umekauka kama tofali. Sururu inagonga na kuruka, vumbi linaingia kooni, viganja vinatoka malengelenge. Mji huu umeishi kwa kuchimba shaba, kwa hiyo tuna haki ya kuisifu kazi ya beleshi.

Asubuhi ya tarehe 13, Waayalandi wengi wakiwa Misani, majandarma wa Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga na Kongo, pamoja na mamluki wa Kizungu walishambulia. Vita vilichukua siku tano. Ndege aina ya Fouga Magister ilidondosha mabomu. Kikosi cha kuwaokoa kilikwama mara mbili kwenye daraja la Lufira. Helikopta moja ilifika, lakini maji iliyoleta yalikuwa yamechanganyika na mafuta, hayanyweki. Katika yote hayo hakuuawa Mwayalandi hata mmoja. Watano walijeruhiwa. Wale wengine waliokolewa na mashimo waliyochimba pale ilipoonekana hakuna haja.

Tarehe 17, risasi na maji vimekwisha, Quinlan alikubali kuweka silaha chini. Walishikwa kama mwezi mmoja, wakaachiwa. Kwao walipokelewa kwa kunong'onwa, kana kwamba kusalimu amri ni uoga. Kwangu uamuzi ule ni sehemu ya ufundi uleule: aliyehesabu mwanzo alihesabu na mwisho, akakataa kuuza roho za vijana wake ili apate sifa. Quinlan alifariki mwaka 1997. Heshima rasmi ya serikali ya Ireland kwa kikosi chake ilitolewa mwaka 2016.

Na vijana wa Katanga waliotumwa kushambulia mahandaki yale, wakafa mbele yake, walikuwa watoto wa hapa. Makamanda wao waliwasukuma uwanjani mbele ya bunduki zilizokwisha kupangwa. Nao walistahili kiongozi wa kuwahesabia.