Kujifungua: Tendo ambalo sanaa hulichungulia mlangoni

MTOTO wetu wa kwanza alipozaliwa, nilimpasha mama habari kwa fahari: “Tumejifungua salama.” Mama alicheka hadi akatokwa na machozi. “Mmejifungua? Kwani wewe ulikuwa wapi?”

Nilikuwa kwenye benchi, nje ya mlango uliofungwa. Tangu siku hiyo kiambishi ‘tu-’ hunisuta kila nikumbanapo na kazi ya sanaa inayodai kusawiri uzazi. Nyingi ya kazi hizo, naona, zimekaa kwenye benchi lile lile.

Mtazame Giotto, mchoraji wa Italia. Mnamo 1305 hivi alikamilisha michoro ya ukutani katika kanisa dogo la Scrovegni, mjini Padua. Mmoja unaonyesha kuzaliwa kwa Bikira Maria. Mamake, Ana, yuko kitandani akipokezwa mwana. Chini ya kitanda wanawake wawili wanamsafisha mtoto yule yule. Ni kazi ya kupendeza, lakini mchoraji amefika shughuli ikiwa imekwisha. Uchungu hauonekani, kilichobaki ni hongera.

Frida Kahlo wa Mexico aliingia chumbani. Katika mchoro wake wa 1932 kuhusu kuzaliwa kwake mwenyewe, kichwa cha mtoto ndicho kinatoka, uso wa mama umefunikwa shuka na hakuna mkunga. Mwaka huo mimba ya Kahlo iliharibika, kisha akafiwa na mamake. Shuka ile inatusema sisi: humwangalia mtoto tukamsahau mzazi. Hata hivyo, nina dukuduku. Mama yule hatendi lolote. Amelala kama maiti.

Mmarekani Judy Chicago alipoona jinsi picha za uzazi zilivyo adimu katika sanaa ya Magharibi, alianzisha mradi wa kuzitengeneza. Kati ya 1980 na 1985 alishirikiana na washonaji zaidi ya 150, wakatumia sindano na nyuzi, kazi iliyodharauliwa kuwa ya wanawake tu. Mwanamke wao anasukuma, anapasuka, anaumba ulimwengu. Ni mtenda.

Hapo ndipo Kiswahili kinaponishangaza. Neno letu la kila siku, ‘kujifungua’, tayari lina hoja ya Chicago ndani yake. Kiambishi ‘-ji-’ humrejelea mtenda mwenyewe: mwanamke ndiye afunguaye, si daktari wala mume. Lakini sisi waandishi tunafanyaje? Tunaandika kwamba fulani ‘alimzalia mumewe wana watatu’, au ‘walibarikiwa na mtoto’, kana kwamba mtoto aliletwa na matatu. Kisha tunashangaa mama akipiga kelele wodini na kuambiwa anyamaze!

Najua nitajibiwa kwa methali: uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Naam. Lakini methali hiyo si kibali cha sisi wengine kunyamaza. Ikiwa yeye ndiye ajuaye, basi mwandishi amwendee, amuulize, amsikilize, ndipo ashike kalamu.

Mimi nilisahihishwa na mama, naye hakuwa na shahada. Siku hizi nikiulizwa husema: mke wangu alijifungua, mimi nilingoja.